Viti Vinne vya Quandilla

Sajini Dina Kalafatis alipiga magoti, akalaza shavu karibu na sakafu, akatazama upande wa dirisha. Jua la asubuhi liliingia chini chini na kumulika chumba kizima. Kama kulikuwa na alama ya gurudumu popote, hapo ndipo angeiona. Hakuiona. Sakafu ilikuwa safi, bado ina harufu ya gundi.

Walioitwa wezi walikuwa wameondoka na viti vinne vya kusafishia damu ya wagonjwa wa figo, kila kiti na mashine yake. Mali ya serikali ya jimbo, yenye thamani kubwa kiasi kwamba konstebo wa mji hakuruhusiwa kuishughulikia peke yake. Ndiyo maana Dina, mpelelezi wa kanda, alikuwa ametoka Port Hensley alfajiri na kuendesha gari mpaka Quandilla, mji wa mtaa mmoja na mashamba ya kondoo pande zote.

"Ilikuwa wikiendi," alisema Rosslyn Teague, msimamizi wa hospitali. "Mlango wa nyuma haukuvunjwa. Mtu alikuwa na ufunguo."

Rosslyn alikuwa mama wa makamo, nadhifu, kola imepigwa pasi. Alijibu kila swali haraka, mengine hata kabla hayajaisha. Lakini tangu waanze kuzungumza alikuwa amesimama nje ya mlango na hakuwa ametia mguu ndani ya chumba hicho hata mara moja. Dina alimwomba aingie amwonyeshe kiti cha kwanza kilikaa wapi. Alinyoosha kidole akiwa palepale nje.

"Kamera za ulinzi?"

"Zimekufa tangu Krismasi. Tuliomba nyingine kwenye bajeti."

Konstebo Wade Ingleby aliandika hilo pia. Alikuwa polisi pekee wa Quandilla, mtu wa miaka hamsini na kitu, mzaliwa wa hapohapo, mwenye mabega ya mchezaji wa futiboli aliyestaafu. Aliandika kila kitu, mpaka jina la Rosslyn ambaye alisoma naye darasa moja.

Kwenye korido, Wade alimpa Dina watu wawili wa kufuatilia. Kulikuwa na Craig Dunstall, mhudumu wa wodi aliyefukuzwa kazi mwaka uliopita kwa ulevi, ambaye huenda alibaki na ufunguo. Kulikuwa pia na wanunuzi wa vyuma chakavu waliopita na lori refu wakitokea migodini. Aliwataja bila kusita, na Dina akajiambia kwamba konstebo huyu amejiandaa vizuri kuliko makonstebo wengi aliowahi kufanya nao kazi.

Walipofika mwisho wa korido, kwenye benchi la wagonjwa, Wade alibadilisha upande wa kutembea ili Dina awe katikati yake na benchi. Kwenye benchi alikuwa amekaa bibi mmoja mnene, miguu imevimba ndani ya ndala, mkoba wa safari pembeni yake. Dina alimtambua papo hapo. Sura hiyo ilikuwa imebandikwa kwenye friji yake mwenyewe nyumbani.

Kila nyumba ya jimbo lile ilikuwa imeletewa kijitabu baada ya bajeti kusomwa. Dina alikiweka cha kwake kwa sababu ya ukurasa wa nafuu ya bili ya umeme, dola mia tatu kwa kila kaya. Ndani kulikuwa na vocha za michezo ya watoto, barabara za lami, na madarasa. Juu ya jalada kulikuwa na bibi huyu, Anti Merle Hodgkiss, ameketi kwenye kiti cha kusafishia damu, anacheka, na chini yake maneno makubwa: Huduma Karibu na Nyumbani.

"Wewe ndiye mpelelezi?" aliuliza Anti Merle. "Mbona mwembamba hivyo? Port Hensley hakuna chakula?"

"Kipo, Anti. Muda wa kula ndio hakuna."

"Basi nitafutie viti vyangu upesi, ukapumzike ule."

Nesi wa zamu alimweleza Dina mambo yalivyokuwa. Anti Merle alikuwa ameishi mji mkuu kwa miaka, katika chumba cha kupanga, kwa sababu mashine zilikuwa huko. Bajeti ilipotangaza kitengo cha Quandilla, aliiacha nafasi yake akarudi nyumbani kwa watu wake. Nafasi ile ilipewa mgonjwa mwingine siku ileile. Sasa damu yake haijasafishwa tangu wiki iliyopita, na nesi hakuwa tayari kumhakikishia mtu yeyote hali yake baada ya kesho. Ndege ya wagonjwa ingekuja, ndiyo, lakini huja mtu akishazidiwa. Hospitali ya mji mkuu, ilipopigiwa simu, ilijibu kwamba kwenye orodha yao kitengo cha Quandilla kiko wazi, na kama kuna wizi, polisi wamalize kazi yao kwanza.

Kwa hiyo Anti Merle alikuwa anamsubiri Dina. Wengine wote pale hospitali walikuwa wanamkwepa Anti Merle.

Craig Dunstall walimkuta zizini anakata kwato za kondoo. Alisikiliza tuhuma dhidi yake mpaka mwisho, kisha akacheka.

"Niibe mashine ya figo niipeleke wapi? Nimwekee mama mkwe sebuleni?"

"Ulikuwa na ufunguo," alisema Dina.

"Niliurudisha. Muulize Rosslyn. Au muulize huyo." Alimnyooshea Wade kisu cha kwato. "Wade, mwambie mama wa watu ukweli umwache aende kwake."

Wade alisema wanapoteza muda, akarudi kwenye gari. Ile ya wanunuzi wa vyuma iliisha kwa simu moja tu: wiki nzima lori lao lilikuwa limezuiliwa na polisi wa upande wa pili wa jimbo kwa kukosa breki. Dina alipomweleza Wade, konstebo alitikisa kichwa polepole na kusema kuwa basi ni wezi wa mbali. Hakuonekana kushangaa. Dina alianza kumkasirikia, na kukasirika humsaidia kufikiri.

Alirudi kwenye chumba cha figo peke yake, na bisibisi mkononi.

Alianza na jambo la wazi. Mashine ya kusafisha damu hunywa maji mengi, tena maji yaliyochujwa, na hutoa maji machafu mengi. Nyuma ya kila kiti lazima kuwe na koki ya kuleta maji na bomba la kuyatoa. Ukutani kulikuwa na koki nne zinazong'aa, zimepangwa kwa nafasi sawa, kila moja juu ya kibati chake. Alifungua ya kwanza. Haikutoa tone. Huenda maji yamefungwa kwenye valvu kuu, alijisemea. Akaingiza ncha ya bisibisi nyuma ya kibati na kusukuma kidogo tu.

Koki ilimdondokea mkononi pamoja na kibati chake. Nyuma yake ukuta wa jasi ulikuwa mzima, mweupe, haujatobolewa hata kwa msumari. Koki ilikuwa imebandikwa kwa gundi.

Alizijaribu zote nne. Kisha alilala chali na kuchungulia chini ya beseni la maji machafu. Bomba la plastiki lilitoka kwenye beseni likashuka urefu wa kiganja, likaishia hewani.

Dina alikaa chini sakafuni. Hakuna mtu aliyewahi kusafishwa damu katika chumba hiki, na hakuna ambaye angeweza. Kama mashine hazikuwahi kufanya kazi hapa, basi aliyekuja kuzichukua alichukua kitu gani, na kwa nini msimamizi anadai kuna wizi? Alikwenda kuchukua nakala ya kijitabu kwenye meza ya mapokezi na kuliangalia jalada upya, safari hii akiuacha uso wa Anti Merle na kuangalia kiti. Mkono wa kulia wa kiti ulikuwa umefungwa utepe wa bluu, wa kuzibia mpasuko. Kiti hicho, kijitabu kilisema, kilikuwa kipya.

Akamwita Wade. "Kitengo cha figo kilicho karibu na hapa kiko wapi?"

Wade alifunga daftari lake. "Brennock."

"Chukua funguo. Wewe utaendesha."

Barabara ya Brennock ilikuwa ya vumbi mpaka nusu yake, halafu lami mpya ikaanza, nyeusi, na mabango ya serikali ya jimbo kila baada ya kilima. Karibu na daraja Wade alipunguza mwendo.

"Sajini, tukirudi sasa hivi, hakuna atakayeumia."

"Anti Merle je?"

Wade akakanyaga mafuta.

Hospitali ya Brennock ilikuwa ndogo na ya zamani kuliko ya Quandilla. Chumba cha figo kilikuwa na viti vinne, na kila kiti kilikuwa na mtu, mirija imejaa damu, mashine zinanguruma. Kwenye kiti cha dirishani alikaa mkulima mmoja aliyesinzia. Chini ya mkono wake wa kulia, kwenye mkono wa kiti, kulikuwa na utepe wa bluu.

Nesi mkuu, mama mfupi mwenye miwani kifuani, alimwona Wade kabla hajamwona Dina.

"Wewe tena," alisema. "Safari hii ni waziri gani? Maana mara ile mlituambia siku moja, mkakaa navyo mpaka watu wangu wakaanza kuvimba. Na blanketi zangu hamjarudisha."

Wade alivua kofia.

"Hatujaja kuazima," alisema Dina. "Mna nafasi ya mgonjwa mmoja zaidi?"

"Dada, nina watu kumi na sita kwa viti vinne. Wengine wanakuja usiku. Ningekuwa nayo ningekupa."

Nje, Wade hakuwasha gari. Aliweka mikono yote miwili juu ya usukani na kuzungumza akitazama kioo cha mbele. Dina alimwacha amalize bila kumuuliza kitu.

Miaka miwili nyuma, alisema, walikuja wakubwa kutazama mabwawa ya kuogelea ya miji yote miwili kabla ya bajeti. Meya wa Quandilla wa wakati huo aliwapeleka moja kwa moja kwenye nyufa, akawaonyesha kila moja, akawaonyesha na vyura. Brennock wao walipaka rangi bwawa lao, wakaweka maua. Fedha zikaenda Brennock. Serikali, waliambiwa, hupenda kuweka fedha mahali panapoonekana kwenda mbele. Quandilla hawakulisahau hilo, na Wade mwenyewe alikuwa amelisema baa mara nyingi.

Kwa hiyo mwaka huu, mshauri wa waziri wa fedha alipopiga simu kwamba wanatafuta picha ya jalada, ya huduma za karibu na wananchi, na kwamba wamesikia Quandilla wanajenga kitengo cha figo, walikutana kwenye ukumbi wa klabu ya futiboli. Chumba kilikuwapo, kuta tu. Hakuna aliyebisha. Fundi bomba alijitolea kubandika koki. Akina mama walioka skonzi na roli za soseji. Wade aliendesha lori la kondoo la shemeji yake mpaka Brennock na kuvipakia viti, akiwa amelisafisha kwanza kwa dawa. Anti Merle akaletwa kwa ndege kutoka mji mkuu kwa siku moja, kwa sababu kila mtu akimwona hupenda kutabasamu.

"Waziri alikaa kama saa moja," alisema Wade. "Alikula skonzi. Akasema hajaona mji uliojiandaa kama huu."

"Na bajeti ikasomwa."

"Ikasomwa. Tulikuwa wote klabuni, tumewasha redio. Tukasikia Quandilla, tukapiga makofi. Halafu tukasikia vizuri. Tulikuwa kwenye orodha ya miradi iliyokamilika." Alikuna shavu. "Fedha za kumalizia hawakuweka. Wangezitia wapi, wakati tumeshamaliza? Zikaongezwa kwenye hii barabara."

Hakuna aliyepiga simu mji mkuu. Kila mtu aliona ni kazi ya mwingine, na kadiri siku zilivyopita ndivyo ilivyozidi kuwa ngumu. Halafu Anti Merle akashuka kwenye basi na mkoba wake, anawakumbatia watu, anauliza aanze lini. Ndipo Rosslyn akapata wazo la wizi. Viti vikiibwa si kosa la mtu, na mji mkuu utamchukua tena mgonjwa wao bila maswali. Hawakujua kwamba mpelelezi angetumwa.

"Nani aliandika ripoti ya wizi?"

"Mimi," alisema Wade. "Kwa mkono huu. Rosslyn alikuwa analia, nikamwandikia." Uso wake ulikuwa mwekundu mpaka masikioni. "Sajini, yule mama ndiye aliyekuwa mpishi wa shule yetu. Wote pale tumekula kwenye sahani yake. Tangu arudi nikimwona barabarani nageuza gari."

Dina alikumbuka kijitabu kwenye friji, na jinsi alivyopitia kurasa mpaka kwenye dola zake mia tatu bila kujali huyo bibi anayecheka ni nani. Ni jambo dogo, lakini lilimkaa vibaya.

Walipofika Quandilla aliingia ofisini kwa Rosslyn bila kubisha hodi, akaweka koki juu ya meza yake. Rosslyn aliigeuza upande wenye gundi.

"Wade amesema?"

"Ukuta ndio ulioanza. Wade amemalizia." Dina alivuta kiti. "Kutoa taarifa ya uongo polisi ni kosa. Nitalifungulia jalada, lako na lake. Hilo ni la baadaye. Sasa piga simu mji mkuu uwaambie hakuna kitengo."

"Nikisema hivyo tumekwisha. Hatutapata kitu tena, si mwaka ujao, si kamwe. Watatuweka kwenye magazeti."

"Yule bibi ana mpaka kesho."

Rosslyn alipiga. Aliweka sauti ya simu wazi kama alivyoagizwa. Mtu wa upande wa pili, kijana mwenye sauti ya kuchoka, aliuliza kama viti vimepatikana. Rosslyn alisema hali ni tata kidogo. Alisema kuna changamoto za kiufundi. Alisema uzinduzi kamili umesogezwa mbele. Kadiri alivyozungumza ndivyo sauti yake ilivyozidi kuwa ya kiofisi, na machozi yalikuwa yanamtiririka.

"Samahani mama, naomba nielewe," alisema kijana. "Mfumo unauliza kitu kimoja tu. Kitengo kipo au hakipo?"

Rosslyn alimtazama Dina. "Kipo," alisema, "ila..."

Wade alinyoosha mkono juu ya meza akaivuta simu.

"Hakipo," alisema. "Hakijawahi kuwepo. Mimi ni Konstebo Ingleby wa hapa Quandilla. Viti tuliazima kwa ajili ya picha, mimi ndiye niliyevibeba. Andika hivyo. Andika na jina langu."

Upande wa pili vidole vilisikika vikibonyeza. Kijana akasema kesho asubuhi kuna nafasi moja, mgonjwa mmoja amehamishwa. Itabidi aondoke leo. Na akirudi kwenye orodha ya mji mkuu ni huko moja kwa moja; hakuna kuhamahama.

Anti Merle alikuwa palepale kwenye benchi. Aliwaona wakija watatu pamoja, akafunga kifuniko cha chupa yake ya maji aliyoruhusiwa kunywa kwa kipimo.

"Haya. Mmevipata viti vyangu?"

Dina alisogea pembeni. Wade alichuchumaa mbele ya yule bibi, magoti yakilia, na akamwambia yote, tangu klabuni mpaka lori, bila kujipunguzia. Rosslyn alisimama nyuma yake na mikono kinywani.

Anti Merle alisikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, alimtengenezea kola yake iliyokunjika.

"Kwani mlidhani sikujua?" alisema. "Ule mrija mliubandika kwa plasta juu ya mkono wangu, Wade. Mimi ni mgonjwa wa figo miaka yote hii, nisijue sindano ikiwa haimo? Nilijua siku ileile."

"Sasa kwa nini ukarudi, Anti?" aliuliza Wade.

"Niliwajua ninyi. Nikasema, hawa nimewalisha tangu hawajaota meno ya mbele. Wakishanipiga picha hivi, wakaipeleka kila nyumba, wataona aibu. Wataona aibu na watamalizia." Aliuchukua mkoba wake. "Kumbe mliona aibu mkanikimbia."

Rosslyn aligeukia ukuta.

Waliondoka mchana, Wade kwenye usukani, Anti Merle mbele, Dina nyuma na mkoba mapajani. Wade alikata kuelekea njia ya nyuma, ya maghala ya ngano, ili watoke mjini bila kuonwa.

"Pita Mtaa Mkuu," alisema Anti Merle.

"Anti, si lazima."

"Pita Mtaa Mkuu, mwanangu. Taratibu."

Habari ilikuwa imeshafika kabla yao. Mlango wa duka la mikate ulikuwa umefungwa. Mbele ya klabu hapakuwa na mtu. Kwenye nyumba, moja baada ya nyingine, mapazia yalikuwa yamevutwa, na baadhi yalikuwa bado yanacheza. Anti Merle aliteremsha kioo cha dirisha lake mpaka chini.

"Kwaheri Joyce," alisema mbele ya nyumba ya kwanza, kwa sauti ya kawaida. "Kwaheri Lindsay. Kwaheri Glenys, skonzi zako zilikuwa nzuri."

Wade aliomba kwa sauti ndogo kwamba imetosha. Anti Merle alimwambia aendeshe tu, yeye anawaaga watu wake. Aliendelea hivyo nyumba kwa nyumba, akimtaja kila mtu kwa jina, hakuruka hata mmoja. Dina alikuwa ameinamisha kichwa kwenye kiti cha nyuma, akisikiliza, na mtaa mzima hakuna mlango uliofunguliwa.